Redio Yako na Amplifaya ya Kijiji

Baba,

Kazi uliyoiacha mezani imenisumbua wiki mbili nzima. Mwenyekiti, unakumbuka, alileta amplifaya ili Runazi yote isikie habari za vita kutoka kwenye redio yako kuukuu. Kila kimoja peke yake kinasema vizuri. Viunganishe sasa: mngurumo, kisha waya unapata moto. Mwenyekiti akashauri tuipige redio makofi. Nikamwambia akapige ya kwake.

Mimi mkutano aliotaka kuuitisha watu wasikilize haukunihusu. Mwanao, mume wangu, yuko vitani, na barua yake ya mwisho ilifika kabla hujaugua. Nilitaka tu kusikia kwamba wanarudi.

Nikafanya ulivyonifundisha. Watu walishangaa, mkwe anafundishwa ufundi na baba mkwe, wakati hata kupokea kitu mkononi mwako ni mwiko. Wewe uliiweka bisibisi kwenye stuli, ukarudisha mkono, ndipo nikaichukua. Nikikosea, ulikuwa unaugombeza ukuta: "Wewe ukuta, nani kakwambia uanze na redio? Redio ni mwenyeji. Mtoe mgeni kwanza, halafu umrudishe pole pole." Maskini ukuta ule, ulikaripiwa sana kwa ajili yangu.

Basi nikamtoa mgeni, ile amplifaya. Nikarudisha waya mmoja mmoja. Betri ilikuwa moja, ya gari, inalisha vyote viwili. Nilipounga waya wa sauti tu, moto! Nikapima, nikaona: bati la redio limefungwa kwenye chanya, la amplifaya kwenye hasi. Kwa betri moja, waya wa sauti unakutanisha chanya na hasi; hawapatani hata ufanyeje. Nikaipa redio betri zake za tochi, nilizozitafuta kwa taabu maduka yote, amplifaya ikabaki na ya gari. Kimya. Halafu sauti, safi. Nikacheka peke yangu, mara nikajikuta nalia. Miaka sita tumekaa boma moja mkono wako haujagusa wangu, Baba, na hakuna aliyenipenda kama wewe.

Juzi mchana waliokuwa kwenye mihogo walisikia kila neno: majeshi yetu yameingia Kampala. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Ila wazee wamenikasirikia. Walitaka kifo chako kitangazwe redioni, nikakataa. Askari nao wanasikiliza redio. Sikutaka mwanao ajue hivyo, amesimama huko na bunduki, hana wa kumshika.

Jana mwenzake wa kikosini alifika hapa akichechemea. Anasema mwanao ni mzima na atarudi. Nakuahidi atasikia kwangu, akiwa ameketi, ameshakula.

Pumzika, Baba. Mwenzake huyo alibeba ujumbe mmoja tu, nami sikuweza kumwambia amechelewa. Nikasema nitaufikisha. Mwanao anasema shikamoo.

Mkweo