Fimbo Niliyoshika Mabosi Wakitazama

Mjukuu wangu Zaituni,

Huku Bwiza tupo, alhamdulillahi. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, bibi yako analalamika magoti, na mimi nimechoka, uchovu usioisha hata nikilala.

Umeniuliza: kwenye mashindano yenu ya gofu huko Kigali njia ya shimo la kwanza ni nyembamba, uanze na fimbo ya draiva au ya bwa namba tatu?

Nilipokuwa nakata majani kwenye uwanja wa gofu, sisi wafanyakazi tuliruhusiwa kucheza Jumatatu asubuhi. Kila mtu alikuwa na mpira mmoja tu. Ukiupoteza, unarudi nyumbani. Basi wote tulianza na bwa namba tatu, fimbo fupi kidogo inayotulia mkononi. Draiva inafika mbali, lakini ikikosea inakosea vibaya.

Jumatatu moja mabosi walikuja kutazama. Nikashika draiva. Rafiki yangu Hamadi akaninong'oneza, "Apana, Rajabu. Hiyo ya nini leo?"

Nikapiga. Mabosi walipiga makofi mpira ukiwa bado hewani. Kisha ukakata kulia, ukaingia mtoni. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimesharudi nyumbani. Hamadi alicheza mpaka adhuhuri.

Siwezi kukuchagulia. Nakuuliza tu: kama kusingekuwa na mtu anayekutazama, ungeshika ipi?

Usidhani mimi nimejifunza. Juzi majirani walikuwa wamekaa nje, nikauacha mkongojo wangu ndani wasinione nao, nikaanguka. Barua hii naiandika kitandani.

Babu yako,
Rajabu