Aliyegonga Ndani ya Tangi

Chebet mjukuu wangu,

Huku Njoro tuko salama, na yule ng'ombe wako amezaa. Unauliza mbona nilipiga kelele kwa simu uliposema huko ng'ambo umeingia nyambizi ya maonyesho, ile meli ya kuzama chini ya maji.

Miaka ya hamsini, babu yako alikuwa ndani ya tangi la maji la mzungu tuliyemfanyia kazi, akilisugua. Alipomaliza aligonga chuma, kama kawaida, tumteremshie ngazi. Mzungu akaja mbio, akakumbatia tangi, akalia. Mzungu, kulia! Akasema vitani nyambizi ya wenzake ilizama. Yeye akiwa melini juu aliwasikia wakigonga, wakigonga, mpaka kukawa kimya.

Babu alipotoka, mzungu alimshika mkono, hakumwachilia.

Wewe ulipotoka, nani alikushika?

Nyanya yako