Mtakatifu Aliyeshikwa Masikio

Kwa Mama Apolina, Alunguli, Kindu

Jambo Mama, jambo sana. Barua hii ikukute umekaa vizuri, goti limepoa, na mvua haijapata tena njia ya kuingia pale juu ya kitanda chako. Je, unakula? Fideli ananiambia unakula, lakini mdogo wangu hujibu hivyo hata pale chungu kiko kitupu, kwa hiyo nakuuliza wewe. Mimi ni mzima. Baridi ya huku kwa Wazungu imeanza, na kazi ni ile ile ya kuwaogesha wazee, kuwavisha na kuwasikiliza. Mgongo ulinikamata juzi nikalala peke yangu chumbani, nikakukumbuka mpaka nikalia. Umepita sasa. Namshukuru Mungu, na wewe uache kuhangaika.

Nakuandikia kwa sababu kwa simu siku hizi unasikia nusu tu, na haya sitaki uyasikie nusu. Kuna mtawa wa kwetu anarudi Kindu, amekubali kubeba bahasha hii pamoja na picha moja. Fideli atakusomea.

Nilikwisha kukuambia juu ya kanisa dogo ninalosali, lile la misa ya Kilatini. Mara ya kwanza niliingia kwa kukimbia mvua tu. Padiri alikuwa ameelekea altare, amewapa watu mgongo kama zamani, na wazee wachache wakaanza kuimba Kirie, kumwomba Bwana atuhurumie. Mama, ilikuwa Kirie ya Baba. Ndiyo ile ile aliyotufundisha jioni uani, akiwa bado mwalimu wa dini, kabla ugonjwa haujamchukua. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Tangu tumzike sikuwahi kuisikia kinywani mwa mtu asiye wa nyumba yetu. Nikabaki mpaka mwisho, na Jumapili nyingine nikarudi. Sasa naimba nao, na kabla ya misa napanga maua.

Madirisha ya kanisa hilo yalikuwa ya vioo vyeupe vya kawaida. Vya zamani vilivunjika wakati wa vita vyao, wakaziba tu. Mwaka huu waliamua kuweka tena vioo vya rangi, kila dirisha na mtakatifu wake. Padiri Anselmi, mzee mrefu mwenye kikohozi kisichoisha, aliita watu wachache wamsaidie kuchagua. Aliita Bwana Walteri, aliyefundisha historia maisha yake yote, na Bibi Hendrika, mjane ambaye hata Padiri anamwogopa. Akaniita na mimi. Mpaka leo sijui kwa nini.

Nilidhani kuchagua watakatifu ni kazi tamu kama kuchagua kitenge sokoni. Kumbe watu wanaweza kununiana! Malaika Mikaeli alipita upesi, na Yosefu, na Anna mama yake Maria. Walipofika kwa Tereza, wakabishana ni Tereza yupi, mpaka kahawa ikapoa. Mwishoni likabaki dirisha moja, la karibu na mlango. Bwana Walteri alimtaka Ludoviko, aliyekuwa mfalme. Bibi Hendrika alimtaka Rita, kwa sababu anasikiliza mambo yaliyoshindikana.

"Mfalme umweke mlangoni kama mlinzi?" Bibi Hendrika akauliza.

Bwana Walteri akakunja mikono. Padiri akakohoa, akanigeukia. "Na wewe, Feza? Hujasema neno."

Nikasema, "Kristofori."

Lilinitoka tu. Unamkumbuka, Mama, Baba alikuwa akitusimulia: yule mtu mkubwa aliyekuwa akivusha watu mtoni kwa mabega yake, siku moja akambeba mtoto mdogo, na mtoto akazidi kuwa mzito katikati ya maji, kumbe ni Yesu mwenyewe.

Bwana Walteri akatikisa kichwa, kwa upole lakini. "Ni hadithi nzuri, bibi. Ila hatuna hakika kama aliishi. Mimi ningependa pale tuweke mtu aliyeishi."

"Mwache aseme sababu," Padiri akasema.

Sikuwa nimejitayarisha. Kifaransa changu chote kikanikimbia, nikaanzia katikati. Nikasema, "Mdogo wangu alipotea mtoni." Basi nikawasimulia, yale uliyoniambia wewe na yale niliyoyaona kwa macho yangu ya utoto.

Niliwaambia kwamba wakati ule wa vita, Baba tukiwa tumekwisha kumzika, Kindu ilikuwa imefungwa pande zote, treni haifiki, mashamba hayafikiki, chumvi tunaionja kwa ncha ya kidole. Asubuhi moja risasi zikaanza kulia nyuma ya nyumba zetu, na Alunguli yote ikakimbilia mtoni ivuke. Fideli ulikuwa naye mgongoni. Ukamshusha ili uniingize mimi mtumbwini, kwa sababu maji yalikuwa yamenifika kiunoni na nilikuwa napiga kelele. Watu wakasukumana. Jirani yetu Mama Yowana akapaza sauti, "Mutoto niko naye, panda!" Ukapanda. Tulipofika ng'ambo tukamkuta Mama Yowana amekamata mkono wa mtoto mwingine.

Niliwaambia jinsi ulivyoingia tena majini kwa miguu, na wanaume wakakushika. Kisha miezi ikapita. Hakuna aliyethubutu kuvuka. Ndugu wakakuambia tukae matanga, tumlilie, yaishe. Ukakataa. Kila jioni ulikata kipande kidogo cha bugali ukaweka kwenye sahani ya Fideli, halafu ukanipa mimi nikile, kwa kuwa hatukuwa na chakula cha kuacha.

Siku moja padiri wa parokia akatuma mtu kukuita, tukaenda mbio. Kwenye baraza alisimama mwanaume tusiyemjua, kofia ya Kiislamu kichwani, suruali imelowa mpaka mapajani. Fideli alikuwa juu ya mabega yake, amemshika masikio mawili kama mtu anayeshika usukani wa baiskeli.

Ndiyo siku tulipomjua Papa Sumaili. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu. Ile asubuhi ya risasi alimkuta mtoto ukingoni peke yake, akamtia mtumbwini na kuteremka naye mpaka kijiji cha wakwe zake. Huko watu wa silaha walimnyang'anya mtumbwi. Aliposikia njia imefunguka kidogo, akampandisha mtoto mabegani, akatembea porini, na penye vijito akavuka kwa miguu, maji yakimfika kifuani. Mpaka alipofika karibu na mji ndipo mwenzake akawavusha. Fideli hakuweza kutaja jina la mama yake, alijua "Mama" tu. Lakini alikuwa akiimba Kirie.

"Nikasema huyu njo mutoto wa misioni," Papa Sumaili akakuambia. "Njo maana nimemuleta huku."

Ukapiga magoti mbele yake. Akakukataza. "Simama, Mama. Mutoto iko na njaa, umupe chakula kwanza."

Hapo nikamaliza. Bwana Walteri alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Huyo Sumaili," akasema, "yeye aliishi."

"Anaishi mpaka leo, Bwana."

"Basi namwondoa Ludoviko."

Bibi Hendrika alikuwa anatazama dirisha lenyewe. "Dada yangu alipotea njiani tulipokuwa tunakimbia, katika vita vyetu," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Hakuna mtu aliyemrudisha." Kisha akamgeukia Padiri kwa ukali wake wa siku zote. "Unangoja nini? Andika Kristofori."

Fundi wa vioo, mama mmoja mcheshi, alipoisikia habari hiyo akaomba picha ya Papa Sumaili, ampe Kristofori sura yake. Nilifurahi mno, Mama, sikufikiri mara mbili. Nikampigia Fideli, akavuka mto mpaka Mikelenge, anakoishi mzee, kumwomba. Tukakubaliana tusikuambie mpaka dirisha liwe tayari. Fideli akampa mzee simu.

"Feza mutoto yangu, aksanti sana," akaniambia. "Lakini sura yangu hapana. Sisi hatuwekake sura ya muntu mu nyumba ya sala. Tena mimi siko mutakatifu, uulize bibi yangu."

Nikasikia mwanamke akicheka pembeni. Mimi nikaona aibu. "Unisamehe, Papa. Ningefikiri kwanza."

"Hakuna kosa. Ila kama njo muntu mwenye kubeba mutoto, mwambie fundi ule mutoto amushike masikio. Huyu Fideli alinivuta masikio njia yote. Kila nikiteleza, anavuta!"

Basi ndivyo ilivyofanywa. Kristofori wetu ana sura ya mtu tusiyemjua, ndevu nyingi, joho jekundu, na Mtoto juu ya mabega amemkamata masikio yote mawili. Bwana Walteri alipoona mchoro alishtuka. "Mtoto Yesu anamvuta mtu masikio?" Padiri Anselmi alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Alikuwa mtoto, Walteri. Ulitaka ashike nini?"

Jumapili iliyopita tulibariki madirisha. Jua lilitoka, jambo la bahati huku katika miezi hii, na maji ya kijani ya mto uliochorwa dirishani yakatandaa sakafuni mlangoni, kila anayeingia anayakanyaga. Tulipoanza Kirie sauti yangu ilikatika. Bibi Hendrika akanishika kiwiko na kuimba kwa niaba yetu sote wawili, vibaya sana. Mama, nilisimama pale nikahesabu mema yako: kwamba ulikataa matanga, kwamba ulinilea mwanamke wa kuingia hata nyumba za wageni bila kuogopa. Aksanti. Sijawahi kulisema neno hilo vya kutosha.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo hasa lililonifanya niandike.

Siku ile ya simu, Papa Sumaili alipomaliza, yule mwanamke akachukua simu. Alikuwa Mama Zaina, mke wake. Mimi nilijua jina lake tu.

"Wewe njo dada ya Amisi?" akaniuliza.

"Amisi yupi, Mama?"

"Amisi wangu. Ninyi munamuita Fideli."

Kumbe huko kijijini walimwita Amisi, kwa kuwa alifika siku ya Alhamisi. Mama Zaina alikuwa amezaa na kuzika, hakubaki na mtoto hata mmoja. Miezi ile yote Fideli alilala kifuani kwake. Papa Sumaili aliposema njia imefunguka, yeye alimwomba angoje mahindi yakomae. Mahindi yakakomaa, akamwomba angoje mvua ikatike. Kisha asubuhi moja aliamka mwenyewe, akafua shati la mtoto, akachoma ndizi za njiani, akampandisha kwenye mabega ya mume wake kwa mikono yake. Hakutoka nje kuwatazama wakienda.

Nikamuuliza nini kilibadilisha moyo wake.

"Kila magaribi alikuwa anaita Mama," akasema. "Mimi nilikuwa naitika. Siku moja nikaacha kuitika, nisikie kama atanyamaza. Akaendelea kuita."

Mama, miaka yote hii tunampelekea Papa Sumaili mchele na kuku siku ya Idi. Hakuna kati yetu aliyemuuliza mke wake lolote. Na yeye hajawahi kukanyaga Alunguli. Nilipomuuliza kwa nini, alisema aliogopa utadhani amekuja kumdai mtoto. Fideli alikuwa amekaa pale pale, akasikia yote, na aliponirudia kwenye simu hakuweza kuongea. Ndiyo maana hakukuambia. Usimlaumu, na sasa akisita kusoma mpe maji anywe.

Nakuomba jambo moja. Esperansi, mke wa Fideli, amebakiza wiki chache ajifungue. Mtoto akizaliwa, kabla hamjawaita wengine, vuka wewe mwenyewe mpaka Mikelenge, goti likikubali au lisipokubali. Mwambie Mama Zaina mjukuu wake amefika, aje amwogeshe.

Nisalimie mjomba fundi cherehani na mke wake, na shangazi wa Kalima akipita. Msalimie Mama Yowana jirani yetu, na umwambie nampenda. Mwalimu wa kwaya mwambie bado naimba sauti ya pili. Mbusu Esperansi tumboni kwa ajili yangu. Papa Sumaili mpe heshima zangu. Picha ya dirisha usimpe, msimulie tu.

Salamu za Mama Zaina sizitumi kwa mtu yeyote. Mpelekee wewe.

Binti yako anayekupenda,
Feza