Blanketi la Mtoto na Macho ya Mama

Nyumbani,
Jumatano, 12 Juni 2019

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Habari za huko ugenini? Miguu imepungua kuvimba? Na huyo mgeni wetu aliye tumboni, bado anakupiga mateke ukilalia ubavu wa kushoto? Shemeji anaendeleaje na zamu zake za usiku? Nijibu moja moja tafadhali. Usiniandikie "sote wazima" kama ulivyozoea, maana maneno hayo hayajawahi kunipa usingizi.

Sisi huku tunapumua. Shangazi goti linamsumbua kukiwa na baridi, lakini mdomo wake hauna maradhi. Bati la jikoni lilivuja, fundi akaja akaliziba, sasa linavuja pembeni yake. Mimi ni mzima. Kwa Mama nitafika, na ndiye sababu ya barua hii kuwa ndefu, kwa hiyo kaa kitako kwanza. Siandiki habari za msiba. Nasema mapema ili usiruke mistari kuutafuta.

Unajua kwamba Mama anamshonea mtoto wako blanketi la viraka. Siku ile uliyotupigia simu kutupa habari njema, alingoja tu ukate, akavuta sanduku la batiki kutoka uvunguni. Vipande vyote vilivyobaki kwenye nguo za miaka na miaka vimo humo, na vingine bado vinanukia nta. Akasema mtoto atashonewa mtindo wa jiko, ule ule aliotushonea sisi.

Nakukumbusha unavyokwenda, maana wewe ulikuwa ukikimbia kila ukiitwa kushika pasi. Katikati ya kila mraba kinakaa kipande chekundu, hicho ndicho jiko. Kisha tepe nyembamba zinalizunguka jiko, moja baada ya nyingine, mpaka mraba ujae. Pande mbili zinapewa tepe za rangi nyepesi, pande mbili zinapewa zilizokolea. Upande wa mwanga na upande wa kivuli, kama chumba chenye moto katikati. Rangi ndiyo kila kitu. Ukikosea upande, unabaki na vitambaa tu vilivyoshonwa pamoja.

Nimeangalia shajara yangu: ilikuwa Jumanne tarehe 21 Mei. Mama alikuwa amelala mchana, nami nikaipanga miraba iliyokuwa tayari juu ya kitanda changu nione inavyopendeza. Minne ya kwanza ilikuwa safi. Wa tano ulikuwa na utepe wa kahawia upande wa mwanga. Nikasema ni haraka. Wa sita, zambarau na njano zimechanganyika pande zote. Wa saba ndio ulionikalisha chini. Shati la marehemu Baba, lile la buluu iliyokaribia weusi, ambalo Mama mwenyewe alilitia rangi na kulipiga pasi mpaka likachakaa, lilikuwa upande wa mwanga. Mdogo wangu, Mama anaweza kukosea kitambaa chochote duniani, lakini si kile.

Hapo mengine yakaanza kujipanga yenyewe kichwani. Siku hizi akimimina chai hutumbukiza ncha ya kidole kikombeni. Bega lake la kushoto hugonga fremu ya mlango, halafu anaulaumu mlango. Kutunga uzi kwenye sindano alimwachia Shangazi, eti apate kazi ya kufanya. Mimi Karani wenu, ninayejisifu kuandika kila kitu, nilikuwa nimeandika hayo yote, wala sikuyasoma.

Nilimbana Shangazi jikoni. Alizunguka sana, akasifia hata sufuria, mwisho akasema, "Aliniapisha." Kumbe mwezi wa Machi, siku ile waliyosema wanakwenda kumjulia hali yule mama wa kwaya, walikwenda kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho hayapati pa kutokea, yanaukandamiza mshipa wa kuonea. Daktari alimwambia kuona kulikokwisha kupotea hakurudi, lakini kilichobaki kinaweza kuokolewa akipasuliwa mapema. Akampa na dawa ya matone ya kupunguza makali wakati anajiandaa.

Na Mama akamjibu daktari kwamba ana kazi mkononi.

Unaijua sheria ya nyumba hii, ameipokea kwa Bibi. Kazi ya mtoto anayekuja haiachwi katikati, na mwenye kazi hatoki nyumbani kwenda kulala kwingine sindano ikiwa bado ndani ya kitambaa. Sisi tulikuwa tukicheka. Sasa sheria hiyo ilikuwa inakula macho ya Mama. Anakosea, anahisi kuna kitu hakiko sawa, anafumua, anashona tena, anakosea kwingine. Blanketi haliishi, na hospitali haendi.

Nami nikafanya hesabu ya mtu mwenye hofu. Nikaona nikimsaidia kimyakimya, blanketi litakwisha upesi naye atakwenda. Kila alipolala mchana nilichukua mraba mmoja, nikaufumua, nikaushona upya kwa mpangilio wake, nikaurudisha kwenye rundo. Shangazi alikaa mlangoni akikohoa kila kitanda cha Mama kilipolia. Tulijiona wajanja sana.

Ijumaa tarehe 31 Mama alikuwa ameketi sebuleni akiipapasa miraba, mmoja mmoja, kwa kidole gumba. Akasimama kwenye mmoja. Akaurudia.

"Nani ameshika kazi yangu?"

Shangazi akakohoa.

"Karani, nakuuliza wewe. Mimi nashona hatua ndefu. Huu ni mshono wa mtu anayeogopa."

Nikamwambia, "Mama, rangi zilichanganyika. Kahawia ilikuwa upande wa mwanga."

"Nilitaka iwe hivyo."

Shangazi akaingilia, "Wifi, hata mimi nisiyejua kushona kifungo niliona."

"Wewe uliona nini? Goti limekupanda machoni?"

Siku nyingine tungecheka. Mama aliuweka ule mraba mapajani, akaulainisha kwa viganja viwili, akasema taratibu, "Kwa hiyo mnamfichia kipofu kazi yake." Sisi hatukuwa tumelitamka neno hilo. Alilitamka yeye, nalo likabaki pale sebuleni kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

Kisha akalia? Hapana, unamjua. Aliagiza cherehani ihamishiwe chumbani kwake, akafunga mlango.

Siku zilizofuata sitaki kuzirudia. Mama alizungumza nami kupitia kwa Shangazi, nimekaa meza hiyo hiyo. "Mwambie Karani anisogezee sukari." Shangazi ananigeukia: "Karani, sogeza sukari." Nasogeza. "Mwambie nimeshukuru." Usiku kucha na mchana kutwa nilikuwa nasikiliza cherehani nyuma ya mlango. Ikilia, nafikiria macho yake yanavyolazimishwa. Ikinyamaza, naogopa zaidi. Nilitaka kukupigia simu, Shangazi akanikataza, akasema ukishtuka na mimba hiyo nitajibu nini.

Jumapili iliyopita baada ya chai mlango ulifunguka. Akaniita mimi moja kwa moja, bila mkalimani.

Alikuwa ameketi mbele ya cherehani, dirisha wazi, jua limejaa chumbani. Kitandani zilitapakaa tepe kama baada ya mnada. Akainua mmoja.

"Niambie ukweli. Huu ni wa mwanga au wa kivuli?"

"Wa kivuli, Mama."

"Na huu?"

"Wa kivuli."

"Huu je?"

"Huo pia."

Alizishika zote tatu mkononi. Mdogo wangu, alikuwa anajiandaa kuzishona upande wa mwanga. Akasema, "Batiki nayo haina huruma. Mbele na nyuma ni sawa, ukiipapasa haikwambii chochote." Hakunitazama. Nadhani aliogopa asinione.

Nilichukua uzi na sindano, nikaketi sakafuni, nikaanza kupiga fundo dogo kwenye ncha ya kila utepe wa kivuli. Wa mwanga nikauacha bila kitu. Nilipomaliza rundo la kwanza nikampa. Akapapasa ncha, akapata fundo, akaweka kulia. Utepe mwingine, hauna fundo, akaweka kushoto. Akafanya hivyo mpaka zikaisha, mkono unakwenda kasi kama zamani. Kisha akaweka jiko katikati, akazungusha gurudumu, akashona mraba mzima bila kuniuliza neno. Alipokata uzi akaninyooshea.

"Umekaa sawa?"

"Umekaa sawa, Mama." Na kweli ulikaa. Mishono mirefu, isiyoogopa.

Akaupapasa ule mraba kingo zote nne. Nilijua anapima kitu na sikuthubutu kujikohoza. Mwisho akasema, "Basi kama naweza kupangiwa na mtoto niliyemfundisha kushika mkasi, hata huyo daktari naweza kumwachia anipangie. Nenda kamwulize Shangazi yako siku gani wanapokea."

Wanapokea kesho, Alhamisi. Atalazwa. Begi liko mlangoni, Shangazi amelipanga na kulipangua kama vile Mama anahamia ng'ambo.

Sitakudanganya, ninaogopa. Wanaanza na jicho la kushoto, lililo baya zaidi, na daktari hakuahidi kitu. Jumatatu tulipokwenda kuandikisha nilimwuliza ana kwa ana kama tumechelewa. Akasema tumechelewa kidogo, akageuka kunawa mikono. Hiyo "kidogo" naitafuna tangu juzi. Toka Machi mpaka leo, na siku zile za kununa ndani yake.

Jioni hii nilipita chumbani kwake kuchukua shuka. Miraba yote iko tayari isipokuwa mmoja. Huo mmoja umebaki chini ya mguu wa cherehani, jiko limeshonwa na utepe wa kwanza nusu, na sindano imezama ndani ya kitambaa. Nikadhani amesahau. Nikanyoosha mkono niiinue, akanikemea kutoka kitandani.

"Acha hapo hapo."

"Mama, sheria..."

"Sheria naijua kuliko wewe. Nikiiacha hivyo, itabidi nirudi."

Nimeiacha. Nimefunika cherehani kwa kitambaa na nimemwambia Shangazi akikigusa tutakosana.

Kuhusu ile miraba iliyokosewa, Mama ametoa amri. Niliyokwisha kuifumua ibaki ilivyo, ile ambayo sikuifikia isiguswe tena. Ule wenye shati la Baba sikuwa nimeufikia. Nilimweleza lilipo, nikidhani ataomba lihamishwe. Aliwaza, akasema, "Upande wa mwanga? Akae huko huko." Kwa hiyo blanketi likikufikia, ukaona giza mahali pa mwanga, usishangae na usimwite fundi. Mfunike mtoto.

Mama anajua nakuandikia. Mwanzo alikataa, leo asubuhi akasema niandike, ila nimwachie nafasi chini ya jina langu aandike mwenyewe. Usipige simu kesho ukilia. Piga Jumamosi, umwulize habari za blanketi, asikie sauti yako ya kawaida.

Shangazi anakusalimu, anasema ukifika miezi ya mwisho usinyanyue ndoo, na kwamba jina la mtoto asiachiwe Shemeji peke yake. Yule mama wa kwaya anakusalimu pia, hajui kwamba alikuwa mgonjwa mwezi wa Machi. Msalimu sana Shemeji, na wote wanaokutendea wema huko.

Mungu akulinde wewe na uliyembeba, akufikishe salama siku yako, na atuchungie Mama kesho.

Ni mimi dada yako, wako nikupendaye siku zote,
Karani wa nyumba

*Mwanangu usimsikilize dada yako anakuza mambo naona vizuri tu. Naenda kwa daktari ili wanyamaze. Blanketi bado mraba mmoja. Mama*

Kama unavyoona, nafasi niliyomwachia chini imebaki tupu. Ameandika juu ya jina langu, mstari juu ya mstari, na kalamu ikatoka nje ya karatasi. Nilitaka kuinakili barua yote upya ikujie safi. Nimekaa nayo kidogo, kisha nimeikunja hivyo hivyo.