Meno ya Mutua na Mistari Mitupu

Riruta, Jumatano, Julai 1971

Baridi imeingia mifupani tangu asubuhi na manyunyu hayajakatika. Nimerudi kutoka studio ya mjini na koti sijalivua.

Nimekata tamaa.

Keshokutwa Mutua, mpuliza saksafoni wetu, anang'olewa meno ya mbele. Fizi zimeoza, na daktari haoni njia nyingine. Asiyepuliza huenda asielewe: kipulizio hukazwa na meno ya juu, na sauti ya mtu hutokea hapo. Akiwekewa ya bandia labda atapiga tena, lakini ule mlio wake wa kukwaruza, kama mtu anayetaka kulia akajizuia, utakuwa umekwenda. Hatujaunasa kwenye kanda hata mara moja. Kesho ndiyo siku yetu ya mwisho studioni.

Shida ni nafasi. Upande mmoja wa santuri ndogo hubeba kama dakika tatu tu. Mimi ndiye mpiga piano na ndiye ninayeandika mpangilio wa nyimbo za jazi tunazopiga. Kila ninachokiandika kwa noti kinakula nafasi ya mwenzangu kubuni yake papo hapo. Wiki iliyopita Mutua alibuni akapitiliza muda, kanda ikaharibika. Akaniomba mwenyewe: "Niandikie, Mwalimu. Haya meno yananifanya nipotee."

Nikamwandikia. Nilichukua kile alichopiga mazoezini, kilichotutoa machozi sote, nikakinakili noti kwa noti. Leo amekisoma bila kosa hata moja.

Kilikuwa kimekufa.

"Mzee, hii ni yangu kweli?" akaniuliza, shavu limevimba. "Naisoma kama barua ya chifu!"

Mpiga ngoma alicheka hadi akaangusha kijiti. Mimi sikuweza.

Tangu nifike nimekaa na karatasi. Noti zake nimezifuta zote, nikaacha mistari mitupu ya kumtosha mtu kupotea na kurudi. Ili nafasi hiyo ipatikane, nimekata sehemu yangu ya katikati, pale piano na saksafoni zinapokimbizana, kazi ya miezi mingi. Siionei uchungu. Ninachoogopa ni kesho: maumivu yakimshinda, mistari ile itajazwa na nini?

Nitamwambia fundi wa studio asizime mashine ya kurekodi. Kama ni pumzi tu itakayotoka, basi na tuinase pumzi yake.