Wakhisi, Siyo Fisi

Kirumba,
Mwanza.
9 Oktoba 1991

Mpwa wangu mpendwa Dishon,

Mwezi huu natimiza miaka thelathini na mitatu tangu niliposhuka melini hapa Mwanza, na sanduku la bati mkononi na barua ya kuajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba. Nilimwambia mama yako nitakaa misimu miwili.

Kabla ya mengine, nakujulia hali. U mzima? Mkeo Lornah na mapacha wenu, Apiyo na Adongo, wanaendeleaje? Mguu wa baba yako Ogola umepona, au bado anaukanda kwa mafuta ya taa kama fundi baiskeli? Na dada yangu Nabalayo, bado anashonea watu wa Kondele, hapo Kisumu, sare za shule mpaka giza linamkuta? Mimi sijambo, kwa kiasi cha umri wangu. Magoti yananung'unika asubuhi. Macho bado yanasoma gazeti kwa mwanga wa dirisha. Habari za masikio unazijua.

Barua yako ya Agosti ilifika, nami nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Unaniandikia, "Mjomba, hizo vizibo zako zimeniharibia kazi." Kwanza, ni hivyo vizibo vya masikio, na vyako, na vimeniharibia. Lugha hii ndiyo pekee tunayoielewa sote wawili, kwa kuwa wewe Kibukusu hukukitaka na mimi Kijaluo kimenitoka, basi tuiheshimu. Pili, si kweli. Nitakuonyesha kwamba si kweli, nawe utulie uisome barua hii mpaka mwisho, usimpe mtu akusomee huku unapiga gitaa.

Nianze na mkasa wenyewe, kama ulivyonieleza. Jumamosi ile ukumbi ulijaa. Ikafika ile saa ya pakruok, ambapo bendi inashusha sauti, mteja anasimama, anajisifu na kutaja ukoo wake, anatoa kitu mfukoni, na wewe unayarudia maneno yake katika maikrofoni ili ukumbi wote usikie. Akasimama Masinde, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nyamasaria, ambaye Absalom, kiongozi wenu, alikuwa amembembeleza miezi mingi aje. Akasema, "Mimi ni mtoto wa Wakhisi, chuma cha Bungoma." Nawe ukatangaza, "Amefika mtoto wa fisi, chuma cha Bungoma."

Watu wakacheka. Masinde akadhani umeteleza ulimi, akakusogelea jukwaani akasema tena, "Wakhisi." Wewe, kwa adabu zako zote, ukainamia maikrofoni: "Samahani, mzee. Kumbe fisi mwenyewe ndiye huyu."

Dishon, nilicheka. Siwezi kukuficha. Nilicheka peke yangu ndani ya nyumba mpaka nikakohoa. Halafu nikauliza swali ambalo wewe hukuniuliza: mtu mwenye masikio mazima anawezaje kusikia fisi mara mbili?

Wewe ulikuwa na jibu tayari. Ulimwambia Absalom ni vile vizibo vya masikio alivyokutumia mjomba. Absalom akakuamini, akasema kosa likirudi atamtafuta mpiga gitaa mwingine. Nawe ukaniomba nimwandikie Masinde, kwa kuwa baba yake ni mtu wa kwetu, nikiri kwamba kosa ni langu, niliyekuzibisha masikio. Nilikuwa karibu kuandika. Kalamu ilikuwa mkononi. Niliamini ulivivaa vibaya, nikajilaumu kwamba sikukuelekeza vizuri.

Ndipo akaja Walubengo kutoka huko kwenu. Unajua anavyokuja, na marobota yake ya nyavu na sauti yake ya kunadia. Nikamketisha upande wa sikio langu la kulia, ambalo bado linapokea kitu mtu akilikaribia, nikamwuliza wewe unavivaaje vizibo.

"Vizibo gani?" akasema.

"Vya manjano. Vile ulivyompelekea."

"Ah, zile vitu kama vipande vya godoro? Si ndizo Mama Dishon anachomekea sindano. Ziko pale kwa cherehani tangu siku nilimpatia. Ananishukuru mpaka leo, anasema hajawahi kuona kitu inashika sindano namna hiyo."

"Na Dishon?"

"Dishon hata hajazigusa, mzee. Alisema mjomba amenitumia pamba ya maiti."

Alilazimika kurudia hilo la maiti kwa nguvu, na jirani yangu akainua kichwa juu ya ua kuuliza nani amefariki. Walubengo akamjibu, "Hakuna, mama. Ni masikio ya mtu huko Kisumu." Jioni jirani akaniletea uji, kwa tahadhari.

Kwa hiyo tuelewane. Usiku ule hukuvaa kitu. Vizibo vyangu vilikuwa nyumbani kwa mama yako, vimejaa sindano. Ulisikia fisi kwa masikio yako mwenyewe, yakiwa wazi kama malango ya soko. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi wiki hii, wala si uongo wako, maana uongo wa namna hiyo ni wa kitoto na hupita. Wewe ulidhani umepata kisingizio. Mimi naona umepata onyo.

Nakueleza kwa sababu njia hiyo nimeipita yote. Uziwi wa kelele hauji kama mlango unaofungwa. Unachukua kwanza sauti nyembamba: ndege, saa ya ukutani, maji yanayochuruzika. Kisha unaingia ndani ya maneno na kula herufi moja moja. Sa na fa na kha zinafanana. Unasikia kwamba mtu anasema, ila husikii anasema nini, nawe unaanza kukisia. Wewe ulikisia fisi. Mimi, mwaka wa sita kiwandani, niliambiwa na msimamizi "funga mkanda" nikasikia "vunja mkanda". Nashukuru nyundo ilikuwa mbali.

Na ule mlio unaoutaja mwishoni mwa barua yako, kana kwamba ni jambo la kupitia tu, kwamba ukitoka kupiga Jumamosi masikio yanalia kama nyenje mpaka Jumatatu. Unaandika, "lakini huwa yanaacha." Yangu pia yalikuwa yakiacha. Baadaye yakawa yanaacha Jumatano. Kisha hayakuacha. Ninavyoandika sasa nyenje wangu wapo, na nje ni mchana mkavu usio na nyenje.

Sisi kiwandani tulijua kelele ni mbaya, ila tulijikinga kijinga. Tulichota pamba ghafi sakafuni tukaisokota na kuisukuma masikioni. Pamba ghafi inazuia vumbi. Kelele inapita humo kama maji katika chekecheo. Mafundi wa kigeni walipokuja kufunga mashine mpya na vizibo vyao vya manjano, mimi nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, na sikio la kushoto lilikuwa limeshaondoka. Walinipa boksi zima, kama mtu anavyompa mwenye upara chanuo. Ndilo boksi ninalokutumia.

Sasa hili la pamba ya maiti. Najua linatoka wapi. Kwetu na kwenu anayezibwa masikio ni yule anayelazwa katika jeneza, na wenzako wakikuona jukwaani umezibwa watauliza maziko ni lini. Waache waulize. Maiti anazibwa kwa sababu hatasikia tena. Wewe unaziba ili uendelee kusikia. Kama Absalom haoni tofauti, mwambie anijie kwa barua, nina wakati.

Unasema pia kwamba mpiga gitaa aliyeziba masikio hawezi kusikia pakruok. Hapa ndipo unaponichosha kabisa, kwa kuwa unatoa hukumu juu ya chombo usichokigusa. Kizibo hakinyamazishi dunia. Kinashusha kila kitu kwa pamoja, kama mtu aliyepunguza redio, na spika zikishushwa, sauti ya mtu aliyesimama karibu nawe inaibuka. Gitaa lako utalisikia. Utalisikia hata kwenye mifupa ya kidevu. Mteja akianza kujisifu na bendi imepoa, chomoa kimoja, sikiliza, kirudishe. Ukikosa kusikia, mpe maikrofoni ajitaje mwenyewe. Hakuna Mluhya aliyewahi kuchukizwa na kupewa maikrofoni.

Namna ya kuvaa ni hii. Nawa mikono. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma kidogo, kiingize, kisha kishikilie hapo kwa kidole mpaka kivimbe chenyewe. Kikibaki kimetokeza kama kifungo, hukukivaa, umekipachika. Vioshe kwa sabuni, vikauke, na vikianza kuwa vigumu vitupe. Usisimame tena mbele ya lile lispika refu ambalo Walubengo anasema unaliegemea kama mlango wa nyumba yako. Bendi ikipumzika, toka nje upumzike kweli, usikae ndani wanamopiga santuri.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini Walubengo alinipa habari nyingine, naye hakujua ni habari. Alikuwa ameketi kwenu siku moja mchana, wewe unakaza nyuzi za gitaa mlangoni. Apiyo akakuita kutoka uani. Akaita na kuita. Mama yako akasema, "Huyu naye akishashika gitaa anajifanya mkubwa, hata mtoto hamjibu." Mwisho Apiyo akaja, hakusema tena, akakuvuta suruali.

Walubengo aliisimulia kama kichekesho. Mimi sikucheka kama nilivyocheka kwa Masinde. Sauti ya mtoto wa kike ni nyembamba, Dishon, inatangulia kupotea. Mtoto wa miaka minne ameshajua kwamba baba yake haitwi, anavutwa.

Marehemu mke wangu Rosa naye aliacha kuniita. Alikuwa akigonga sakafu kwa mchi, nami nikihisi kwenye nyayo nageuka. Tuliishi hivyo kwa amani, tukawa hata tunataniana kwa mchi huo. Lakini alipolazwa, hospitalini hakukuwa na mchi. Siku ile ya mwisho alinishika mkono akasema maneno marefu, nikiyatazama midomoni mwake nisiyashike. Alipokwisha kufunga macho nilimwuliza muuguzi amesema nini. Akainama sikioni kwangu: "Ni habari ya kuku tu, mzee." Kuku yupi, sijui mpaka leo. Niliwafuga wote mpaka walipokufa kwa uzee.

Basi, haya ndiyo niliyoyafanya. Ndani ya bahasha hii imo barua ya Masinde, nimeiacha wazi uisome. Sikuandika ulichoniomba. Nimemwambia kwamba baba yake, Wakhisi, tulichunga naye ng'ombe Bungoma kabla sijahamia Kisumu, na kwamba mpwa wangu hakumtukana mtu, hakusikia, kwa kuwa masikio yake yameanza kuharibika kwa kazi. Uipeleke wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na Absalom awepo. Najua unaogopa atakuondoa. Huenda akakuondoa. Lakini akikubakiza huku anaamini shida ni vizibo, atakurudisha kwenye spika ileile masikio wazi, na baada ya miaka michache hutahitaji mtu wa kukuondoa. Vilevile nenda ukapimwe masikio. Usiniambie huna nafasi. Jumatatu unayoitumia kusikiliza nyenje inatosha.

Walubengo anakuletea jozi nyingine. Jozi moja ni ya mama yako, achomeke sindano zake, nisije nikasikia ameingilia zako. Nyingine zote ni za masikio, na mwambie Lornah akulinde ukitoka kwenda kupiga.

Msalimie dada yangu Nabalayo, umwambie kanzu aliyonishonea bado naivaa kanisani. Msalimie baba yako Ogola na mguu wake, Lornah, na Adongo. Apiyo msalimie peke yake, na umwitikie. Mungu awafunike nyote, akuhifadhie masikio mpaka uwasikie wajukuu wakikusema vibaya chumba cha pili.

Limebaki lile la Desemba. Unanialika nije, unasema utasimamisha bendi nzima unipigie pakruok, utaje jina la babu yangu, Kondele yote isikie. Nakushukuru, mwanangu. Kisumu niliyoiacha ninayo hapa, nayo ina sauti: honi ya meli, wanawake wa samaki gatini wakipandishiana bei, mama akituita mimi na mama yako jioni kwa Kibukusu katikati ya nyumba za Wajaluo. Nikija nitaona midomo tu, hata wa kwako ukitaja jina langu. Nyumba yangu iko hapa, na kaburi la Rosa liko hapa.

Sitarudi, Dishon.

Mjomba wako anayekupenda na kukukasirikia,
Laban Waliaula