Kitako cha Bunduki ya Mzee Chengo

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu umekataa kuandika kitu kingine kabla ya hilo.

Bunduki ya Mzee Chengo wa Jomvu imeondoka leo asubuhi. Nimeona nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa mwengine, ingawa sijui huko mliko habari mnaletewa na nani. Dama wangu amelala. Meno yanamtoka na usiku hatupati usingizi, kwa hivyo mwandiko ukipinda unisamehe.

Uliiacha juu ya meza yako ya kazi. Gobori lile la mtutu mrefu, la kushindilia baruti kwa ufito wa mdeki. Bamba la chuma la kitakoni ulikuwa umekwisha kulifungua, maana parafujo zake mbili zilikuwa zikizunguka bure, tundu zimelika, hazishiki tena. Parafujo ukazitia ndani ya kifuu. Ukaanza kuchonga kigingi cha kuzibia tundu, ukakimaliza kimoja, ukakohoa, ukasema utajinyosha kidogo halafu urudi. Ukaingia ndani.

Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaenda zao. Kifuu kile kilikaa pale pale. Kila nikipita na ndoo ya maji nilikiangalia, nikisema moyoni, Baba hajamaliza.

Baba Mdogo alikuja kutoka Kisauni. Alifunga vyombo vyako vyote ndani ya kaniki akaviweka juu uchagani, akasema vyombo vya marehemu havifunguliwi mpaka hanga liishe, siku zote za matanga. Mama akakubali, na mchungaji amekaa karibu naye anakunywa chai. Sikumlaumu Mama. Wakati ule angekubali lolote la kumshikilia.

Lakini bunduki ya watu nayo haikufaa kukaa ndani ya nyumba ya msiba, na nguruwe walikuwa wanamaliza mahindi ya Mzee Chengo. Basi Baba Mdogo akataka kutimiza yote mawili, mila isivunjwe na bunduki itoke. Alichukua kisu cha jikoni, akapasua njiti za kibiriti, akazichovya gundi, akazijaza tunduni na kukaza parafujo juu yake. Nilimwambia kwa adabu kwamba wewe ulikuwa hufanyi hivyo. Akanitazama na macho yake mekundu, akasema, "Wewe na bunduki, mwanangu, utampiga nani, kuku?" Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, Baba. Tangu tukuzike hakuna aliyekuwa amecheka nyumbani.

Bunduki ikaenda Jomvu, na njiti hazikumaliza juma. Gobori halijazwi likiwa hewani, wajua. Mtu hulisimamisha kitako chini, akashindilia, na bamba ndilo linalokula kishindo chote. Mzee Chengo alipolirudisha, bamba lilikuwa linaning'inia kama jino la mtoto. Hakugomba. Aliliegemeza ukutani, akampa Mama pole kwa mara nyingine, kisha akasema polepole, "Nilidhani fundi aliimaliza mwenyewe kabla hajafa."

Neno lile lilinikata. Alikuwa amekaa siku zote hizo akidhani njiti za kibiriti ni kazi yako. Alikuwa amekustahi, hakutaka kumsema vibaya maiti, lakini ndivyo alivyodhani. Na Jomvu wangapi walikuwa wameliona bamba lile?

Nilimwomba aiache. Alipoondoka nilipanda uchagani na Dama mgongoni. Mama akaja kusimama mlangoni. "Kadzo, hanga bado."

"Najua, Mama. Lakini wanasema kibiriti ni cha Baba."

Akanyosha mikono akanipokea mtoto.

Nilipofungua kaniki, Baba, harufu yako ilikuwa bado ndani. Ile ya nta na tumbaku na jasho. Mpini wa keekee yako ya kutobolea una weusi pale kiganja chako kilipokuwa kikikaa, na kiganja changu hakijazi pale. Nililia mpaka nikaogopa machozi yataharibu msasa. Nikafuta uso, nikaanza.

Nilikuwa nimekutazama miaka mingi nikikupashia gundi moto. Hukunifundisha kwa kukusudia, ulikuwa unasema tu huku unafanya kazi, kama mtu anayeongea na mbao. "Kitakoni parafujo inaingia kwa kufuata nyuzi za mti, ndiyo maana inazichana. Kigingi nyuzi zake zikingame, hapo parafujo itauma." Kusema rahisi. Kigingi cha nyuzi kukingama kinavunjika hata ukikitazama vibaya. Cha kwanza kilivunjika, na cha pili, na vyengine sikuvihesabu. Dama analia, Mama anamwimbia, mimi nachonga kile kipande cha kitako kikuukuu ulichokuwa umekiweka kwa kazi kama hizo. Hatimaye kimoja kikakubali.

Tundu nilizikwangua njiti zote, nikazipanua kwa keekee mpaka mti mzima ukaonekana. Kigingi chako nikakitia tundu la juu. Changu la chini. Nikaacha gundi ikauke vizuri, siku nzima na zaidi, ingawa Baba Mdogo alikuwa amekwisha pata habari na kutuma mtu aulize kama ni kweli nimefungua vyombo. Nilimjibu ni kweli, na kwamba nitavifunga tena kama vilivyokuwa.

Kisha nikatoboa kitundu chembamba katikati ya kila kigingi, nikapaka parafujo nta, nikazizungusha kwa mkono taratibu. Ile ya tundu lako iliingia kimya. Yangu ililia. Nikakumbuka, ikilia irudishe nyuma, usishindane nayo. Nikairudisha, nikaipaka nta tena. Ikaingia.

Leo Mzee Chengo alilisimamisha pale uani, akashindilia na kushindilia, akalipindua, akalipigapiga bamba kwa kidole. Halikucheza. Akasema, "Sasa hii ni kazi ya marehemu." Mama akaniangalia. Nikamwambia Mzee, tundu la juu ni la marehemu, la chini ni langu, na zile njiti hazikuwa zake kabisa, akawaambie na wenzake Jomvu. Alivua kofia. Sijui alimvulia nani kati yetu.

Akaenda nayo begani. Nikageuka kufagia, nikaiona meza ni tupu.

Hapo ndipo nilipokaa chini, Baba. Nilidhani nitafurahi. Lakini bunduki ile ikiwa pale, bado ulikuwa na kazi, na mtu mwenye kazi hurudi. Sasa hakuna kinachokungoja. Nimekumaliza mimi, kwa mikono yangu, kwa keekee yako. Mama alidhani ni uchovu wa kukesha na mtoto, nikamwacha adhani hivyo.

Jua likiwa la utosi mtu alipiga hodi, mtu wa relini, ana kiti kimevunjika mguu. Akauliza fundi yuko? Nikamjibu umetoka. Neno lilinitoka lenyewe mdomoni. Akasema basi atapita kesho, akaondoka na kiti chake kichwani, na mimi nikasimama nikimwangalia mpaka akapotea nyuma ya nyumba za reli.

Kwa hivyo nakuaga leo, maana kesho atarudi. Lala, Baba. Kaburi tumelizungushia mawe, mbuzi hawaingii. Mama anakula, kidogo lakini anakula. Hanga likiisha Baba Mdogo atakuja kwa ajili ya vyombo, na nitazungumza naye mbele ya wazee, kwa heshima, lakini nitazungumza. Na huyu wa relini nakuahidi sitamdanganya tena. Nitamwambia baba yangu amekufa. Neno hilo nitalisema lote mpaka mwisho. Halafu nitamwambia akiweke kiti chini, nikiangalie.

Mwanao,
Kadzo